Shajara ya mradi: meza ya kuonyesha mwili unavyojiendesha (Tanga)

18 Januari: Wazo na masharti

Klabu ya sayansi ya shule yetu hapa Tanga mjini inatengeneza meza ya maonyesho kwa ajili ya mada ya uratibu wa mwili, kidato cha tatu. Tumechagua mfumo wa neva unaojiendesha, ule unaoshika mapigo ya moyo, presha, jasho, mate, mboni za macho na kazi ya tumbo pasipo kumwuliza mwenye mwili.

Ubaoni mada hii huchorwa jedwali la safu mbili, moja kwa kila upande wa mfumo huo. Simpathetiki: moyo mbio, mboni wazi, mate makavu. Parasimpathetiki: moyo taratibu, mboni ndogo, mate tele. Kwa mtihani linatosha. Tatizo ni kwamba mwanafunzi huondoka akiamini mwilini mna swichi, kukiwaka huku kunazimika kule. Mwili hauendi hivyo. Pande zote mbili zinafanya kazi usiku na mchana, kila mmoja kwa kiasi chake, na zipo nyakati ambapo zote hupanda kwa pamoja. Tunataka meza itakayomwonyesha mwanafunzi jambo hilo kwa mapigo yake mwenyewe.

Masharti: hakuna sindano, hakuna dawa, hakuna chura wa kupasuliwa. Kinachogusa ngozi kinatumia betri, kamwe si umeme wa ukutani. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au kifafa, au mwenye tabia ya kuzimia, anasaidia kuandika namba lakini hapimwi. Mzazi anasaini kwanza. Bajeti isizidi shilingi 150,000, fedha iliyotokana na kuuza visheti wakati wa mapumziko.

1 Februari: Klipu ya kidole

Tulianza na kile kinachopatikana dukani, yaani klipu ya kidole ya kupima oksijeni na mapigo, shilingi 35,000. Namba inasomeka vizuri, haina waya, haihitaji kompyuta. Kwa kazi yetu haikufaa.

Jaribio la kwanza tulilopanga ni kupumua. Mtu akivuta pumzi taratibu mapigo yake huongezeka kidogo, akiitoa yanapungua. Kwa vijana tofauti hiyo ni kubwa na si ugonjwa. Inatokana na neva ya vagasi, inayotoka kwenye medula chini ya ubongo, ikapita shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Ndiyo njia kuu ya upande wa parasimpathetiki. Unapovuta pumzi, ujumbe wa vagasi kwenda kwenye moyo unapungua, unapoitoa, unarudi.

Klipu ilikaa kwenye 76, 76, 77, 76, tuvute tusivute. Tulibadilisha vidole, tukabadilisha betri, tukabadilisha watu. Tatizo si klipu kuwa mbovu. Vifaa vya aina hii huonyesha wastani wa mapigo kadhaa yaliyopita, ili namba isirukeruke na kumtia mgonjwa wasiwasi. Kwa muuguzi huo ni ubora. Kwetu sisi wastani unafuta kile hasa tunachokitafuta, kwa sababu mpando na mshuko vinamezana.

Anayetaka kunakili mradi huu asinunue klipu. Anahitaji kifaa kinachopima muda kati ya pigo na pigo.

15 Februari: Mzigo kutoka Dar

Kadi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuprogramu (nakala, 35,000), kihisi cha mapigo chenye taa ya kijani (18,000), nyaya (6,000), nauli ya mzigo kwenye basi (5,000). Kihisi kinamulika ngozi. Damu hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unapopiga mwanga unaorudi hubadilika. Programu inahesabu milisekunde kutoka kilele hadi kilele na kuchora grafu kwenye skrini. Kuunganisha ni kazi ya dakika chache, maelezo yake yamejaa kila mahali.

Kilichotula muda ni kelele ndani ya grafu. Chanzo cha kwanza kilikuwa chaja ya laptopu: ikichomekwa, mstari unakuwa na meno meno. Tukaichomoa na kadi ikahamia kwenye pawabenki. Hata bila kelele, kanuni yetu ya usalama ilitaka hivyo hivyo. Cha pili ni mwanga wa taa ya tyubu na jua la dirishani. Kipande cha kitambaa cheusi juu ya kidole kilimaliza. Cha tatu ni jasho. Hapa Tanga mwezi wa Februari kidole hakikauki, na upande wa nyuma wa kihisi una viungio vilivyo wazi, kwa hiyo unyevu unapita na kuharibu namba. Tumefunika nyuma kwa gundi ya kuyeyusha na mbele kwa selotepu nyeupe inayopitisha mwanga. Cha nne ni mbano. Wanafunzi hukandamiza kidole wakidhani ndivyo kinavyosoma vizuri, kumbe damu inasukumwa nje na grafu inalala. Kidole kiguse tu.

Halafu ikaja. Pumzi ndefu, mizunguko sita kwa dakika, na mstari ukaanza kupanda na kushuka sambamba na kifua. Binti mmoja alitoka 68 akitoa pumzi hadi 86 akivuta. Alikataa kwamba ni yeye, ikabidi arudie.

Hapa ndipo jedwali la safu mbili lilipoanza kuyumba. Nikawauliza: moyo uliposema 86, simpathetiki iliwaka? Wengi wakajibu ndiyo. Nikawapa jambo la kufikiri. Moyo una kituo chake cha kuanzisha mapigo, na ukiachwa peke yake bila neva yoyote hupiga karibu mara 100 kwa dakika kwa mtu mzima. Ndiyo maana mtu aliyepandikizwa moyo wa mwingine, ambao neva zake zimekatwa, akiwa amekaa tu mapigo yake huwa baina ya 90 na 110. Sasa ninyi mmekaa hapa mna 70. Nani anauzuia huo moyo?

Kijana mmoja anayekuja shule kwa baiskeli akajibu vizuri kuliko ubao wangu: ni kama kuteremka mlima huku umeshika breki. Ukilegeza kidogo, baiskeli inaongeza mwendo kabla hujakanyaga pedali. Vagasi ndiyo breki, na ongezeko dogo la mapigo, mpaka karibu na 100, kwa kiasi kikubwa ni breki kulegezwa. Pedali, yaani simpathetiki na adrenalini ya tezi zilizo juu ya figo, inachukua nafasi zaidi mwendo unapopita hapo.

22 Februari: Kulala na kusimama

Mtu akisimama ghafla, damu kiasi cha nusu lita hadi robo tatu ya lita huteremka kwenye miguu na tumbo. Damu inayorudi kwenye moyo inapungua, presha inataka kuanguka. Kwenye ateri za shingo, zinapogawanyika kwenda kichwani, na kwenye upinde wa mshipa mkuu utokao moyoni, mna vihisi vinavyopima jinsi kuta zinavyotanuka. Kuta zikilegea, ujumbe kwenda medula unapungua, na medula inajibu kwa njia mbili kwa pamoja: vagasi inaachia moyo, simpathetiki inabana mishipa.

Tuliazima mashine ya presha ya kujifunga mkononi. Haikuona kitu. Mwanafunzi anasimama, tunabonyeza, mashine inajaza upepo, inapumua, inakoroma, na inapotoa namba mporomoko umekwisha kurekebishwa zamani. Mwili mzima wa afya huweka sawa ndani ya sekunde chache. Mashine tumeibakiza kwa kipimo cha dakika ya kwanza na ya tatu, basi.

Kihisi cha kidole kilipaswa kuona, lakini mtu anaposimama mkono unatikisika, na kutikisika huko kunaangukia zile sekunde tunazozitaka. Tulijaribu kumwambia "usitikise mkono", jambo ambalo binadamu haliwezi. Dawa ilikuwa kanga: mkono umefungwa shingoni, kiganja kimelala kifuani. Mkono haupepei tena, na upo usawa wa moyo, kwa hiyo damu ya kidoleni haibadiliki kwa sababu ya urefu.

Grafu safi ilionyesha mapigo yakipanda mara moja, yakifika kileleni karibu na pigo la 15, kisha yakishuka hadi karibu na pigo la 30. Mpando wa mwanzo ni wa haraka mno kuwa kazi ya simpathetiki, ambayo moyoni huchukua sekunde kadhaa kuonekana. Ni breki tena. Mshuko unaofuata ni presha imerudi, vagasi imeshika upya.

Mama anayetuuzia maandazi getini alikuwa akichungulia dirishani. Akasema yeye akiinuka kwenye kigoda dunia inamzunguka, na dawa za presha anakunywa. Tulimkaribisha, "Shikamoo mama, karibu," tukampima kwa mashine amelala na amesimama. Namba ya juu ya presha ilishuka zaidi ya 20. Kushuka kwa 20 kwenye namba ya juu, au 10 kwenye ya chini, ndani ya dakika tatu za kusimama, ni kiwango ambacho madaktari hukitazama. Tulimwandikia namba zote na saa ya kipimo kwenye karatasi, apeleke anakotibiwa. Nilimsisitiza asiache dawa kwa maneno ya mwalimu wa baiolojia.

Machi: Ramadhani

Vipimo vimesimama. Nusu ya klabu imefunga, na mtu asiyekunywa maji tangu alfajiri ana damu iliyopungua ujazo. Kumsimamisha ghafla saa nane mchana ni kumtafutia kuanguka. Tukiwaacha waliofunga na kuwapima wengine, maonyesho yanakuwa ya watu wawili watatu. Bora tutengeneze vifaa.

Mate nilitaka yawe na sehemu yake mezani. Hayahitaji kifaa chochote: pita mtaa wa Ngamiani hapa mjini jioni kabla ya magharibi, viazi vya karai vikitolewa kwenye mafuta, utapata jibu mdomoni. Neva ya saba na ya tisa za kichwa zinapeleka amri ya parasimpathetiki kwenye tezi za mate hata chakula hakijagusa ulimi. Lakini kupima mate darasani kwa kutema kwenye kikombe kumepigiwa kura na kukataliwa na wasichana wote.

Kazi ya mwezi imekuwa kamera ya mboni. Mpango wa awali ulikuwa simu na tochi: mulika jicho, rekodi video, pima. Kwa macho yetu ya kahawia iliyokolea, video haionyeshi mboni inaishia wapi. Kila kitu ni cheusi. Kuongeza mwanga hakusaidii kwa sababu mwanga wenyewe unaifunga mboni kabla hujaiona.

Suluhisho ni mwanga usioonekana. Kwenye infraredi duara la rangi linalozunguka mboni linarudisha mwanga na kuonekana kijivu, na mboni inabaki nyeusi. Taa za infraredi zimo kwenye rimoti nyingi za televisheni. Kamera ndogo ya kompyuta nayo inaweza kuona infraredi, ila kiwandani huwekewa kioo cha kuizuia. Nikaenda kwa mzee mmoja fundi redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Leo umeleta maiti gani?"

Nikamweleza. Akaigeuza kamera, akaiweka chini ya lenzi yake. "Yaani nitoe kitu kizima, kamera iwe mbovu, halafu unilipe?"

"Iwe mbovu kwa rangi tu, mzee."

Kioo chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele iliyopasuliwa na kimegandishwa nyuma ya lenzi. Alikichokonoa kwa ncha ya wembe kikatoka vipande. Vumbi lake likabaki ndani na picha ya kwanza ilikuwa na madoa. Alipuliza kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha ikabidi lenzi izungushwe upya, maana kioo kikitoka fokasi inahama. Taa mbili kutoka rimoti zilizokufa hakutoza. Kamera kuukuu 8,000, kazi yake 5,000.

12 Aprili: Mboni

Tumetundika mapazia ya blanketi kwenye kona ya maabara. Taa za infraredi zinakaa mbali na uso kiasi cha urefu wa mkono na zinawaka wakati wa kurekodi tu. Ukubwa wa mboni unapimwa kwenye skrini, kwa kulinganisha na vipande vya karatasi ya grafu vilivyobandikwa chini ya jicho. Gizani zinakaribia milimita 7 kwa vijana, kwenye mwanga zinarudi karibu na 3.

Kinachoshangaza watazamaji ni jicho la pili. Unamulika la kulia, la kushoto nalo linafunga, ingawa halikuguswa na mwanga. Ujumbe unaingia kwa neva ya jicho moja, unafika kwenye shina la ubongo, unagawanywa pande zote mbili, na unarudi kwa neva ya tatu ya kichwa, njia ya parasimpathetiki, ya kulia na ya kushoto. Muuguzi anapomulika jicho la majeruhi wa bodaboda, njia hiyo ndiyo anayoikagua.

Jaribio lililokuja kwa bahati: wakiwa gizani bila tochi, mwanafunzi mmoja alimchokoza mwenzake, "Kumi na saba mara sita?" Mboni ikapanuka wakati anahesabu, ikarudi alipojibu. Hakuna mwanga uliobadilika. Juhudi ya akili peke yake imesogeza usawa baina ya pande mbili, breki ya neva ya tatu ikilegea na simpathetiki ikivuta. Tumeliingiza rasmi mezani. Maswali rahisi kama mbili mara tatu hayafanyi kitu, ni lazima ahangaike kidogo.

26 Aprili: Beseni la maji ya barafu

Hili ndilo jaribio lililotupa zaidi ya tulichotafuta, kwa hiyo nitaliandika kwa urefu.

Mwanadamu akiziba pumzi na kutumbukiza uso kwenye maji baridi, moyo wake hupungua kasi. Vihisi viko kwenye ngozi ya paji la uso na kuzunguka macho, ujumbe unapanda kwa neva ya tano, amri inashuka kwa vagasi.

Maji ya bomba hapa ni ya nyuzi 28 hivi, na kwa maji hayo hatukuona mabadiliko ya kumwonyesha mgeni. Tukanunua barafu ya wauza samaki, shilingi 1,000 kwa mfuko, tukashusha hadi nyuzi 12 hadi 15. Hapo ndipo mwili unapojibu.

Tatizo la pili: mwanzo wa kulinganisha. Mtu akiinama mbele ya beseni huku darasa linacheka, mapigo yake yanakuwa yamepanda kwa woga na aibu, kwa hiyo mshuko unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Sasa anakaa dakika tano kimya, anaziba pumzi bila maji, tunaandika, analowesha uso kwa kitambaa baridi huku anapumua, tunaandika, ndipo anatumbukiza. Moja moja, athari ni ndogo. Pamoja, kijana mmoja alitoka 84 hadi 61.

Mwingine, ambaye nyumbani kwao Deep Sea wanazamia pweza, alikuja na miwani yake ya kuzamia na hakutaka kuivua. Kwake mapigo yalishuka kidogo tu. Miwani inafunika macho, pua na sehemu ya paji, ambako ndiko kunakohisi. Alipoivua, akashuka kama wenzake.

Tatizo la tatu lilitaka kuua jaribio zima. Sekunde chache baada ya uso kuingia majini, grafu ya kidole ilikuwa inalala. Si kwamba mapigo yalipungua. Mstari ulikuwa unafifia mpaka programu inapoteza hesabu. Tulikagua waya, tukahamisha beseni, tukashuku maji yameingia. Kidole kingine, vilevile. Mkono mwingine, vilevile. Mtu akitoa uso, mstari unarudi.

Kihisi hakikuwa na kosa. Damu haikuwepo kidoleni. Wakati vagasi inapunguza kasi ya moyo, simpathetiki inabana mishipa ya mikono na miguu ili damu ibaki kwa ubongo na moyo wenyewe. Grafu iliyofifia ilikuwa ni kipimo cha simpathetiki, tumekipata bila kukinunua. Hapa jedwali la safu mbili halina pa kujificha: kwa mtu yuleyule, katika sekunde zilezile, upande mmoja umeshika moyo na upande mwingine umeshika mishipa, na wote wanafanya kazi moja ya kuokoa oksijeni.

Bado tulihitaji mapigo. Ndewe la sikio halibanwi na simpathetiki kwa kiasi cha kidole, kwa hiyo kihisi kikahamia huko. Kibanio cha nguo cha plastiki kilikuwa na springi kali, kikakamua damu yote; tumeilegeza kwa koleo na kuweka sponji pande zote (kibanio, sponji na gundi 3,500). Sasa kadi ina mlango wa kihisi cha pili kwa atakayetaka kuona sikio na kidole kwa pamoja kwenye skrini moja. Sisi tunahamisha kimoja, fedha haikutosha.

Uso ukitoka majini, moyo unarudi ndani ya mapigo machache. Kemikali ya vagasi moyoni ni asetilikolini, na kimeng'enya kilichopo hapo hapo kinaivunja mara inapomaliza kazi. Mwanafunzi mmoja akaandika pembeni ya grafu msemo wa mji wetu, "waja leo waondoka leo", na kwa watu wa Tanga maelezo hayo yanatosha. Kemikali hiyo ndiyo mwanasayansi Otto Loewi aliyoinasa mwaka 1921 huko Graz, Austria: alichochea vagasi ya moyo wa chura, akachukua maji yaliyouzunguka, akayamimina kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza kasi bila kuguswa neva. Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Binti anayetoka Lushoto akauliza, kimeng'enya kikizuiwa je? Swali lake lilikuwa na sababu. Kwao wanapulizia kabichi na nyanya. Baadhi ya viuatilifu, vile vya jamii ya oganofosfeti, hufanya hivyo hasa. Asetilikolini inalundikana: mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya kalamu, mate na jasho vinatiririka, kifua kinajaa, moyo unapungua kasi. Hospitali wanatoa atropini, inayoziba milango ya asetilikolini. Mtu huyo anapelekwa mbio, nguo zilizolowa dawa zinavuliwa, na chupa ya dawa inabebwa ili daktari aone jina.

Usalama wa jaribio hili hauna mjadala. Mwalimu anasimama kando, sekunde zisizidi 30, na hakuna kupumua haraka haraka kabla ya kutumbukiza. Vijana wa pwani wanaijua mbinu hiyo ya kukaa chini muda mrefu. Inafukuza kaboni dioksidi, ambayo ndiyo inayomfanya mtu atamani kupumua, wakati oksijeni haikuongezeka kwa maana. Mtu anazimia majini kabla hajahisi haja ya kuibuka. Nimewaambia wasiifanye ufukweni Raskazone wala popote.

10 Mei: Jasho

Viganja hutoka jasho kwa hofu zaidi kuliko kwa joto, na jasho hurahisisha umeme kupita. Tulianza na mita ya fundi na vipande vya foili (4,000) kwenye vidole viwili. Namba iliteremka tu bila kusimama, mtu akiwa ametulia tuli. Unyevu wa hewa yetu haukauki, jasho linajikusanya chini ya foili na kila dakika linapitisha zaidi.

Tumeacha kutafuta namba iliyosimama. Foili imekatwa nyembamba, feni inapuliza, na badala ya mita tumetumia Arduino na rezista ya kilo-omu 100 (500), ikichora mstari. Mteremko wa unyevu unabaki, lakini mruko wa hofu unaonekana juu yake waziwazi. Kwa volti 5 na rezista hiyo, umeme hauwezi kupita mikroampea 50 hata foili zikigusana. Vidole viwe vya mkono mmoja, njia isipite kifuani.

Kupiga makofi ghafla kunafanya kazi mara ya kwanza, baadaye watu wanazoea. Kinachofanya kazi kila mara ni kusema, "Wewe, simama, ueleze mbele ya darasa." Mruko hauji papo hapo. Unachelewa sekunde moja hadi tatu, kwa sababu nyuzi za neva kutoka kwenye vifundo vilivyo kando ya uti wa mgongo hadi kwenye tezi za kiganja hazina ala ya mafuta na husafirisha ujumbe karibu mita moja kwa sekunde. Wanafunzi wamepima kwa rula kutoka bega hadi kidole na hesabu imekubali.

Tezi hizi ni za upande wa simpathetiki, lakini kemikali yao ni asetilikolini, ileile ya vagasi. Jedwali langu la ubaoni sasa lina mishale ya wino mwekundu kila safu.

24 Mei: Siku ya wazazi

Kila kitu kiliwaka. Umeme ulikatika katikati ya maonyesho na meza yetu peke yake ikaendelea, shukrani kwa pawabenki, ila mapazia ya kona ya mboni bila feni yalikuwa mateso.

Mjomba wa mwanafunzi mmoja alikaa kwenye jaribio la kupumua. Akavuta, akatoa, mstari ulinyooka kana kwamba hapumui. "Mwalimu, mashine imekufa?" Watu wakacheka. Nikapima kidole changu, grafu ikacheza. Alipoinuka akaniambia chini chini kwamba sukari anayo miaka mingi. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva, na ndefu huumia mapema, vagasi ikiwemo. Lakini umri nao hupunguza mchezo huu wa mapigo, na mtu wa miaka 60 huwezi kumlinganisha na mtoto wa kidato cha tatu. Nilimwambia aulize kliniki kuhusu kipimo cha presha amelala na amesimama, na sikusema zaidi.

Baada ya hapo tumegeuza skrini. Inamtazama anayepimwa, si umati. Watu wazima wanaulizwa kwanza kama wanataka wengine waone.

Gharama yote hadi leo ni shilingi 120,000 bila barafu. Ukiondoa ile klipu, unaweza kufika hapa kwa 85,000, mashine ya presha ya kuazima.

Shule moja ya Muheza imeomba mchoro wa nyaya na programu, wamepewa. Tumewaonya kuhusu springi ya kibanio na upande wa nyuma wa kihisi.

Hatua inayofuata ni tumbo. Ukuta wa utumbo una mtandao wake wa neva unaoweza kusukuma chakula hata ukitengwa na ubongo, vagasi na simpathetiki zikiongeza au kupunguza tu. Tunataka kusikiliza mlio wake kabla na baada ya chakula cha mchana, kwa stethoskopu iliyounganishwa na maikrofoni ya simu. Jaribio la kwanza kwa mpira wa maji na kifuniko cha chupa limenasa zaidi sauti ya feni.